Makosa Kumi na Moja ya Bi Mwanaidi

“Usiku ule”, ndivyo wanavyoanza wote wanaosimulia waliyoyaota. Mimi siwezi kuanza hivyo, kwa sababu ilikuwa saa nane mchana, jua la Tanga linawaka kisawasawa, na nilikuwa nimeshiba wali na maharage. Najua yanayosemwa juu ya ndoto za mchana, kwamba ni za shibe na hazina maana. Nasimulia hata hivyo. Mtu wa kazi yangu akiona kitu hukiandika, awe amekielewa au hajakielewa.

Kazi yangu ni mwendelezo. Tamthilia ya televisheni hupigwa picha vipande vipande. Leo mtu anafungua mlango, wiki ijayo ndiyo anaingia ndani. Lazima awepo wa kukumbuka kwamba alipofungua alikuwa amevaa saa mkono wa kushoto, na kwamba glasi mezani ilikuwa nusu. Huyo ni mimi. Nakaa pembeni ya kamera na daftari kubwa la jalada jeusi, na kila kosa linaingia humo. Wenzangu waliniita Polisi na sikuwalaumu, maana hata nyumbani kwangu mto wa kochi ukigeuzwa najua ni nani aliyekaa.

Tamthilia yenyewe iliitwa Chumba cha Ramani, habari za majasusi. Tuliipiga katika jengo la zamani la ofisi za mkonge, lenye madirisha marefu na sakafu ya mbao inayolia ukiikanyaga. Humo tukatengeneza makao ya idara ya siri: ramani ukutani, simu za kuzungusha, makabati ya mafaili ambayo ndani yake hamkuwa na kitu ila magazeti ya zamani. Hadithi yake ni rahisi kuieleza. Kila siri inayosemwa ndani ya chumba kile inamfikia adui kabla jua halijatua, maana yake mmoja wao ni msaliti. Wamempa jina, Mchwa, kwa kuwa anaila nyumba akiwa ndani. Na watazamaji, sehemu baada ya sehemu, wanauliza swali moja tu: Mchwa ni nani?

Bi Mwanaidi aliigiza Bi Tatu, mama wa chai wa ofisi ile. Anaingia na sinia, anagawa vikombe, anasema maneno mawili, anatoka. Watu walimpenda kuliko jasusi mkuu mwenyewe. Akienda sokoni hakuna aliyemwita Bi Mwanaidi tena. Wauza nazi walimshika mkono: “Bi Tatu, tuibie siri, Mchwa ni nani?” Naye aliwajibu, “Ni mimi,” wakacheka mpaka wakashika mbavu, na wengine wakamwongezea nazi.

Akafa tukiwa tumebakiza sehemu ya mwisho. Alilala salama, asubuhi hakuamka.

Mwisho wa hadithi alikuwa nao Dairekta Mbwana peke yake. Ilikuwa desturi yake kutugawia kurasa za siku ile tu, jioni anazikusanya, ili siri isivuje. Siku moja baada ya hitma ya arobaini aliniita pembeni. “Salma, wewe ndiye unayekumbuka kila kitu. Niandikie mwisho mpya. Mchwa awe yule dereva. Bi Tatu umtoe kwa heshima, apewe ua, apigiwe saluti. Marehemu hasemwi vibaya.” Nikamuuliza mwisho wa zamani ulikuwaje. Akasema, “Huo uache ulivyo,” akaenda kuwagombeza watu wa taa.

Nikabaki na shauku iliyoniwasha kama upele. Lakini kesho yake asubuhi Rehema alikuja, na shauku ikakaa kando.

Rehema ni binti wa Bi Mwanaidi. Umbo lake kwa nyuma ni la mama yake mtupu: mabega yale yale, mwendo ule ule wa kutupa mguu wa kulia nje kidogo. Kwa hiyo Dairekta alimwomba asimame badala ya mama yake katika tukio la mwisho. Atavaa dera la Bi Tatu na kilemba chake, atabeba sinia, na kamera itamwona mgongo tu. Alikubali. Alinifuata nilipokuwa napanga vikombe, akanishika kiganja kwa mikono yote miwili.

“Da Salma, nasikia mwisho unauandika wewe. Mama asitoke vibaya. Nina watoto shuleni.”

Hakuhitaji kunieleza zaidi. Huku kwetu mtu na anayemwigiza hawaachani mbali. Namjua kaka mmoja aliyewahi kuigiza mchawi. Mpaka leo akienda mazikoni hakuna anayempisha ashike beleshi. Bi Tatu akitoka msaliti, wajukuu wa Bi Mwanaidi wataimbiwa kwa dhihaka njia nzima ya kwenda shule, na kaburi la bibi yao bado udongo mbichi. Nikamwahidi Rehema. Nilisema, “Atatoka msafi, mdogo wangu,” na nilimaanisha.

Basi ikafika saa nane, na kurasa zinatakiwa saa kumi, kabla mwanga wa madirishani haujageuka. Na dereva anakataa kuwa msaliti. Kila nikimpeleka kwenye siri, daftari langu linanikatalia: siku ile alikuwa gereji, siku ile alikuwa nje na gari, siku ile hakuwamo kabisa kwenye picha. Watazamaji wetu si wajinga, wangenitafuta nyumbani. Watu wote walikwenda kula na kusali, nikajilaza kwenye kochi la chumba cha ramani, daftari kifuani, nikasema nafumba macho kidogo tu.

Nikasikia vikombe.

Si kelele, ni ule mlio mdogo wa kikombe kikigusana na kisahani mtu anapotembea na sinia. Nikafumbua macho, au niliota kwamba nimeyafumbua. Kitu cha kwanza nilichokiona ni ukuta. Chumba chetu cha ramani kina kuta tatu. Upande wa nne ndipo inapokaa kamera, na kiti changu, na nyaya. Sasa ukuta wa nne ulikuwepo. Umepakwa rangi ya krimu kama zile tatu, una dirisha, na nje ya dirisha mashamba ya mkonge yamenyooka mistari mpaka mwisho wa macho. Nikawaza, nani ameujenga huu bila kuniambia, na mbona sikuuandika?

Mlango ukafunguka, Bi Mwanaidi akaingia.

Amevaa dera la Bi Tatu, lile la maua ya zambarau, na kilemba. Hakuwa na nuru wala hakuwa mweupe kama wanavyosema. Alikuwa na jasho kwenye pua, kama siku zote za joto. Nikasimama. Nikamwamkia kabla sijakumbuka kuwa amekufa.

“Shikamoo, Bi Mwanaidi.”

“Marahaba. Keti.”

Anaweka sinia mezani, anamimina chai, anakisogeza kikombe mbele yangu. Marehemu bibi yangu alinilea na sheria moja: ukimwota aliyekufa zungumza naye, lakini akikupa chakula usile, na akikuita mfuatane usimfuate. Nikaficha mikono chini ya mapaja kama mtoto. Bi Mwanaidi akaniona, akacheka kile kicheko chake cha puani.

“Sukari iliyounguzwa na maji,” akasema. “Toka lini humu mlinipa chai ya kweli?”

Ni kweli. Chai ya kwenye tamthilia ilikuwa maji tu tuliyoyatia rangi, mimi mwenyewe niliyachanganya kila asubuhi. Nikataka kucheka, nikataka kulia. Nilimpenda yule mama, na nilikuwa sijapata nafasi ya kumlilia vizuri, maana siku ya msiba nilishughulika na kuhesabu viti. Nikamuuliza nilichotamani kumuuliza kila mtu aliyekwenda: “Bi Mwanaidi, huko kuko vipi?”

Akaligusa daftari langu kwa ncha ya kidole.

“Soma nilipokosea.”

Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Daftari lile halikuwa la kusomewa mtu. Lakini ndotoni mkono haungoji ruhusa. Kurasa zimeshafunguka, na sauti yangu inasoma yenyewe. Sehemu ya pili, chumba cha ramani. Bi M. alitakiwa atoke kwenye neno “mpakani”. Amechelewa. Kosa.

Ninapomaliza kusoma chumba kimejaa. Wakubwa wa idara wamekaa kuzunguka meza, vinywa vinakwenda bila sauti, na jasusi mkuu amesimama na kijiti chake kwenye ramani. Bi Mwanaidi hayuko kwenye kiti tena, anazunguka na sinia. Sauti inasikika kwenye neno moja tu, “mpakani”, na pale ambapo anatakiwa atoke, hatoki. Anainama kuokota kijiko ambacho hakikuanguka. Wakati ule, siku ya kupiga picha, mimi niliangalia miguu yake, nikingoja itoke. Sasa naangalia macho yake. Yamepita juu ya sinia, yamepita juu ya bega la jasusi mkuu, yamekwenda moja kwa moja kwenye kile kijiti.

Nikasema, “Subiri.” Hakuna aliyesubiri.

Sehemu ya nne, nasoma. Ameweka kikombe juu ya faili, badala ya pembeni. Kosa. Nakiona kikombe juu ya faili, na anapokiondoa faili linafunguka kidogo, upana wa vidole viwili, naye yuko juu yake anafuta tone. Sehemu ya sita, amefuta meza mara mbili. Kosa. Nauona mkono ukifuta mara ya pili mahali pasipo na kitu, na mbele ya mkono barua imelala wazi. Sehemu ya saba, amerudi kuchukua kisahani kisichokuwepo. Kosa. Nasoma sasa kwa haraka, pumzi juu juu, si kwa hofu, kwa hamu ya kuona linalofuata. Kila kosa ninalolisoma linakuwa chumba, na kila chumba kinasema siri, na kila siri Bi Tatu yupo karibu yake kwa muda mrefu kidogo kuliko alioandikiwa. Makosa kumi na moja. Nilikuwa nimeketi hatua tatu kutoka kwake miezi yote ile, mimi ninayeitwa Polisi, na nikayaandika yote bila kuyaona.

Kidole chake kikashuka pembeni ya ukurasa. Pale, kando ya kosa la tano, niliandika neno moja kwa kalamu nyekundu: uzee.

Nilitamani sakafu ile ya mbao inimeze. Siku ile nilimwambia mbele ya watu, “Bi Mwanaidi, neno ni moja tu, mbona hulikumbuki?” Naye alishika goti lake akasema mguu umekufa ganzi, mwanangu, nisamehe. Aliniomba msamaha wa uongo, na mimi nikamsamehe kwa kiburi. Sasa analitazama lile neno, na hana hasira hata kidogo. Anaonekana kama mtu aliyepewa zawadi.

“Hapa nilifurahi sana,” akasema. “Nikajua kama nimekupita wewe, nimewapita wote.”

“Kwa hiyo ulijua,” nikasema. “Mchwa.”

“Dairekta aliniambia siku ya kwanza. Nikamwapia.”

Halafu hatumo tena katika jengo la mkonge. Sikutembea, wala sikushangaa. Tuko jikoni kwake, ile nyumba ya bati ya nyuma ya msikiti ambako nilikwenda siku ya msiba. Vigoda vitano vimepangwa duara, na juu ya kila kigoda kuna kitu: sufuria, mbuzi ya nazi, mchi, ndoo, kibao cha chapati. Bi Mwanaidi anazunguka na sinia tupu. Anaisalimia sufuria. Anaipa ndoo kikombe. Anafika kwenye mchi, anajifanya anatoka, hatoki, anarudia. Anatoka mapema mno, anarudia. Anachelewa mno, anajisonya mwenyewe, anarudia. Kwenye jiko maharage yanaungua na hajali. Nikaelewa kwamba sufuria ndiyo jasusi mkuu, nikacheka, kisha nikaona haya.

“Kuchelewa bila kuonekana unachelewa,” akasema huku akipita mbele yangu, “kulinichukua msimu mzima wa mvua.”

Nilitaka kumuuliza mambo mia. Kwa nini hukuniambia mimi, ningekusaidia kuficha? Watu wa sokoni ulipowaambia ukweli wakacheka, ulijisikiaje? Ulimfikiria vipi Bi Tatu, alisaliti kwa ajili ya nini? Hilo la mwisho lilinitoka kinywani.

“Waliongea mbele yake kama anavyoongea mtu mbele ya kiti,” akasema. “Miaka yote. Kiti kikachoka.”

Lo, nilisisimka. Hakuna mtu aliyeliandika hilo. Halikuwa katika kurasa za Dairekta, mimi nazijua kurasa zote tulizokwishapiga. Alilitunga mwenyewe, akalibeba, akaliigiza kwa mgongo na viganja bila kulisema mara moja. Nikapapasa kutafuta kalamu niliandike, kalamu haipo, daftari halipo, na mikono yangu imeshika mkeka.

Tumekaa barazani. Televisheni imetolewa nje juu ya meza, majirani wamejaa, wanawake mbele, watoto mapajani. Ni sehemu ya mwisho. Ni mwisho wangu, ninaouandika, ambao haujapigwa picha. Dereva anakamatwa. Watu wanasema “aah”, lakini ile “aah” ya mtu aliyepewa chakula kisicho na chumvi. Kisha kwenye kioo Bi Tatu anapewa ua, wakubwa wanampigia saluti, anashika ua lile kwa mikono miwili, anainamisha kichwa. Majirani wanapiga makofi ya adabu. Rehema yuko mbele kabisa, analia, na watoto wake wamemwegemea, wasafi, hakuna atakayewaimbia. Nikajiambia, umeona, Salma, ulichokifanya ni chema.

Bi Mwanaidi amekaa mkekani kando yangu. Hapigi makofi. Anaangalia kioo amekunja uso, kama mtu anayejaribu kumkumbuka mgeni.

“Yule ni nani?” akaniuliza.

“Ni wewe.”

“Mimi simjui.”

Nikamwambia, kwa sauti ndogo ili Rehema asisikie, kwamba tumefanya kwa ajili ya heshima yake. Kwamba Dairekta kasema marehemu hasemwi vibaya. Kwamba watoto wataimbiwa. Nilijitetea sana, na kadiri nilivyojitetea ndivyo maneno yalivyozidi kuwa mepesi mdomoni. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akisikiliza siku zote, mikono imelala mapajani.

“Mlinizika vizuri,” akasema. “Sanda nzuri, watu wengi. Sasa mnanizika mara ya pili.”

Majirani wanaanza kukunja mikeka. Hakuna anayebishana, hakuna anayesema “mimi nilijua!”, hakuna anayerudisha nyuma kichwani kukumbuka alikosea wapi. Miezi yote ile wameuliza swali moja, na sasa wamepewa jibu, na jibu halijawagusa. Wanaingia ndani kulala.

“Mnyonge mnyongeni,” Bi Mwanaidi akasema, “haki yake mpeni. Nilifanya kazi, Salma. Mara hii tu katika maisha yangu walinipa kitu cha kufanya, nikakifanya.”

Hapo nililia. Nililia kweli, kilio ambacho sikukilia msibani, kwa sababu nilijua maana ya lile “mara hii tu”. Kabla ya Bi Tatu alikuwa ameigiza miaka thelathini: mama wa bwana harusi, jirani, mpishi, mama mgonjwa kitandani. Watu wa kupita kwenye picha. Nilitaka kumshika mkono, nikakumbuka sheria ya bibi, nikasita, na alipoona nasita akaurudisha mkono wake mwenyewe, kwa upole, akajishughulisha na kukunja mkeka.

“Rehema atasema nini?” nikamuuliza.

Alimtazama binti yake, ambaye bado amekaa mbele ya televisheni iliyozimwa. Alimtazama muda mrefu. Nilidhani atakwenda kumgusa, hakwenda.

“Mwambie hivi,” akasema. “Mimi niombeeni dua. Bi Tatu muacheni na dhambi zake.”

Akasimama, mkeka kwapani. Nikamuuliza tena, haraka haraka, maana nilihisi mwanga unabadilika: huko kuko vipi, Bi Mwanaidi, huko mnaonana? Akageuka mlangoni.

“Swali hilo lina zamu yake,” akasema, na safari hii alitoka pale pale alipotakiwa kutoka.

Niliamka shingo imekakamaa, daftari limeanguka chini, mashavu maji. Ukuta wa nne haukuwepo. Kamera ilikuwa mahali pake chini ya kitambaa, na saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro. Nililiokota daftari kabla hata ya kujifuta uso. Nikayatafuta makosa ya Bi Mwanaidi moja moja, nikaweka alama kwa kucha. Yalikuwa kumi na moja. Kila moja lilikuwa katika ukurasa ambao siri imesemwa, na katika kurasa ambazo hakukusemwa siri hakuwa amekosea hata neno. Labda kichwa changu kilishajua, kikangoja nilale ndipo kiniambie. Mimi si mtu wa kubishana na wanaosema hivyo. Dairekta angeweza kusema ni ndoto za Alinacha, lakini hofu yake yeye ilikuwa kuiudhi familia, na familia yenyewe, Rehema, ilikuwa imeketi kizingitini; akikubali yeye, Dairekta hana la kupinga.

Rehema alikuwa amekwishavaa. Dera la zambarau, kilemba, kanipa mgongo, anaangalia uwanjani. Kwa muda wa pumzi moja sikujua ni nani niliyekuwa namtazama. Nikakohoa kidogo, nikakaa chini kando yake.

“Rehema, nimemwota mama yako.”

“Heri,” akasema papo hapo, kama ipasavyo. Kisha akageuka. “Alikuwaje?”

“Mzima. Ana jasho puani.”

Akatabasamu kidogo. Nikamsimulia. Sikupunguza kitu, hata lile neno la kalamu nyekundu nilimwonyesha, na nilipofika kwenye sufuria na mchi alinikatiza akasema, “Maharage yaliungua wiki nzima, tulidhani anazeeka,” akafunika mdomo. Halafu nikampa ujumbe wake kama nilivyopewa, neno kwa neno. Akaurudia polepole midomoni, bila sauti.

Watu wa taa walianza kurudi kutoka kula, na Dairekta alisikika mbali akiuliza kurasa ziko wapi.

“Watoto watachekwa,” Rehema akasema.

“Watachekwa,” nikasema. Nilishamwahidi mara moja nisichoweza kutimiza, sikutaka kurudia.

“Kwa muda gani?”

“Sijui, mdogo wangu.”

Akalinyoosha dera magotini. “Katika huo mwisho wa zamani, wanamkamata?”

“Nadhani. Msaliti hukamatwa.”

“Hapana,” akasema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwishakata shauri. “Asikamatwe. Awabwage wote, apite katikati yao na sinia lake, wafungue macho keshatoka. Kama ni msaliti, basi awe msaliti anayeijua kazi.”

Nikafungua ukurasa mweupe. Rehema akasimama, akalichukua sinia mezani, akalipima uzito mikononi.

“Wewe andika, Da Salma,” akasema. “Mimi nitamtembeza mwenyewe.”